Je, Wajua? Nembo Hununuliwa Dukani

Je, wajua kuwa Pontiac GTO ya 1964, ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyofungua enzi ya magari ya misuli ya Marekani, kiwandani haikuwa modeli inayojitegemea? Ilikuwa Tempest LeMans, gari la kawaida la ukubwa wa kati, iliyoongezewa kifurushi cha hiari. Wakubwa wa General Motors walikuwa wamekataza injini inayozidi inchi za ujazo 330 kwenye magari ya ukubwa huo. John DeLorean na wahandisi wenzake wa Pontiac wakaona upenyo: katazo liligusa modeli, halikugusa vitu vya hiari. Wakachukua V8 ya inchi 389, yaani lita 6.4, wakaiingiza kwenye orodha ya nyongeza. Magari 32,450 yakauzwa mwaka huo wa kwanza.

Je, wajua kwamba ujanja huo unawasumbua wanunuzi hadi leo? Namba ya chasisi ya GTO ya 1964 au 1965 haitofautiani na ya LeMans iliyotoka kiwandani bila kifurushi. Mwenye LeMans, nembo chache za kuagiza kwa posta na fundi wa rangi anayejua kazi, anajitengenezea "GTO" bila taabu. Mwaka 1966 gari likafanywa modeli kamili, na namba yake ikaanza na 242. Kwa yale ya miaka miwili ya mwanzo, mtegemee karani: hati za malipo za kiwanda cha Pontiac zilihifadhiwa, na shirika linalofahamika kwa herufi PHS hutoa nakala kwa kila namba ya chasisi. Hati ikisema LeMans, ni LeMans, hata kama kila kipande cha bati kinapiga kelele GTO.

Chevrolet nao walikwenda njia hiyo kinyumenyume. Chevelle SS 396 ya 1966 hadi 1968 unaitambua kwa tarakimu 138 mwanzoni mwa namba. Mwaka 1969 SS ikageuzwa kuwa kifurushi cha hiari, na namba ikawa bubu. Ndiyo maana Chevelle SS 454 ya 1970, hasa ile yenye injini ya LS6 iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 450, ni miongoni mwa magari yanayoghushiwa sana Marekani.

Je, wajua kuwa Chevelle iliyouzwa ikiwa mpya nchini Canada inaweza kuwa na ushahidi mzuri kuliko mwenzake aliyebaki Marekani? Tawi la GM la Canada lilitunza kumbukumbu za gari moja moja na hutoa nakala kwa wenye magari. Upande wa Marekani, mwenye Chevrolet hana mlango kama huo wa kubisha. Anabaki na karatasi zilizosafiri na gari lenyewe, na ni bahati zikiwa bado zipo.

Karatasi hizo hujificha mahali pa ajabu. Kila gari lililopita kwenye mstari wa kuunganishia lilifuatana na karatasi ya oda iliyowaambia wafanyakazi wafunge giaboksi gani, viti vya rangi gani, redio au hapana. Kazi ikiisha, mtu aliisukumiza popote. Kwenye Chevrolet mara nyingi huonekana juu ya tangi la mafuta. Kwenye magari ya Chrysler hupatikana ndani ya springi za kiti cha nyuma. Adui yake wa kwanza ni panya. Adui wa pili ni uvivu wa wafanyakazi wenyewe, maana wakati mwingine waliisukumiza karatasi ya gari la jirani. Kwa hiyo ukiipata, soma kwanza namba ya chasisi iliyoandikwa juu yake kabla ya kuanza kushangilia.

Mwenye Chevrolet anaweza pia kubahatika kurithi kibati kidogo cha chuma kilichobandikwa kwenye kijitabu cha waranti. Kiligongwa namba ya gari pamoja na alama za injini, giaboksi na difu. Watu wengi walikitupa pamoja na kijitabu waranti ilipokwisha.

Sasa tuingie chini ya boneti. Je, wajua kuwa kwenye V8 ndogo ya Chevrolet kuna kijukwaa kidogo cha chuma kilicholainishwa, mbele kabisa ya hedi ya silinda ya upande wa abiria, na kwamba hapo ndipo mabishano yote huanzia? Chukua mfano wa maandishi V0312DZ. V ni kiwanda cha injini cha Flint, Michigan; ingekuwa T, ingekuwa Tonawanda, New York. 0312 ni tarehe 12 Machi. DZ ni injini ya inchi 302 ya Camaro Z/28 ya 1969. Kwenye Chevrolet za 1968 na kuendelea utakuta pia sehemu ya namba ya chasisi imegongwa kwenye injini, na kwenye giaboksi vilevile. Zikilingana na namba iliyo kwenye dashibodi, bei hupanda papo hapo.

Na kwa kuwa bei hupanda, wapo wanaosaga kijukwaa hicho na kugonga namba mpya. Wanasahau jambo moja. Mashine ya kiwandani iliyokilainisha iliacha mikwaruzo myembamba iliyonyooka, mbele kwenda nyuma, kama njia za chanuo kwenye nywele. Kijukwaa kilichosagwa upya huwa laini mno, au mikwaruzo yake inazunguka, au inakatiza juu ya herufi badala ya kupita chini yake. Wakaguzi wazoefu hutazama mikwaruzo kabla ya namba. Nawaelewa: namba inaweza kugongwa na yeyote mwenye nyundo, lakini mashine ile ya Flint haiko gereji kwa mtu.

Je, wajua kuwa tarehe ndizo shahidi asiyehongeka? Bloku ya Chevrolet huwa na tarehe iliyotoka kwenye kalibu siku ilipomiminwa: herufi ya mwezi kuanzia A hadi L, kisha siku, kisha tarakimu ya mwaka. C 3 9 ni tarehe 3 Machi 1969. Nenda kwenye kibati cha bodi, kile kilichopigiliwa kwenye ukuta kati ya injini na chumba cha abiria. Kikisema 03C, bodi ni ya wiki ya tatu ya Machi. Hapo mambo yanakaa sawa: bloku ikamiminwa, injini ikaunganishwa siku kadhaa baadaye, kisha ikawekwa kwenye gari. Lakini ukikuta bodi ya 03C na bloku ya E 6 9, huhitaji mtaalamu. Injini iliyozaliwa Mei haikuwekwa kiwandani kwenye gari la Machi. Huenda ni injini nzuri na inavuta vizuri, ila siyo yake.

Namba kubwa iliyomiminwa nyuma ya bloku ni jambo jingine, na wengi huzichanganya. Hiyo hueleza muundo wa kipande, wala haikuambii kilifungwa kwenye gari gani. Bloku za namba moja zilikwenda kwenye Camaro za kifahari na kwenye pikapu za mashambani.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliozoea kadi ya gari au logibuku yenye namba ya injini tunaweza kushangaa kwa nini Mmarekani anahangaika hivi. Hati ya umiliki ya gari la miaka ile kwa kawaida humpa namba ya gari tu. Injini ikibadilishwa, karatasi haijui.

Je, wajua kuwa namba ya chasisi ya Camaro ya 1967 hadi 1969 haisemi kama gari ni Z/28 au SS? Inasema tu kama lilitoka na silinda 6, kwa 123, au V8, kwa 124. Z/28 ya kwanza, ile ya 1967, iliundwa mara 602 tu. Injini yake ya inchi 302 ilichaguliwa ili gari liruhusiwe kwenye mashindano ya Trans-Am, yaliyokuwa na kikomo cha inchi 305. Kwa 1969 kuna msaada kidogo: kiwanda cha Norwood, Ohio, kilianza mwishoni mwa 1968 kuandika alama kwenye kibati cha bodi, na X33 au X77 maana yake ni Z/28. Camaro zilizotoka kiwanda cha Los Angeles hazina alama hizo, kwa hiyo kukosekana kwake huko si ushahidi wa lolote. Lala chini uhesabu bolti za mfuniko wa difu. Z/28 ina 12. Ukihesabu 10, rudi nyumbani.

Ya haraka haraka kuhusu Camaro hiyohiyo. Ile ya 1967 ina kidirisha kidogo cha pembetatu mbele ya kioo cha mlango. Ya 1968 haina. Ya 1968 ina taa ndogo za ubavuni, kwa sababu sheria ya serikali kuu ilizidai kuanzia mwaka huo. Ya 1969 huwashwa kwa ufunguo kwenye shingo ya usukani badala ya dashibodi. Namba ya chasisi ya 1967 iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kuanzia 1968 inaonekana kupitia kioo cha mbele.

Je, wajua kuwa moja ya Camaro zenye thamani kubwa kuliko zote ilitoka kiwandani bila nembo yoyote ya kujisifu? Mwaka 1969 wauzaji wachache waliojua mlango wa kupitia waliagiza kwa oda maalumu za ofisi kuu, zilizoitwa COPO. Fred Gibb, muuzaji wa mji mdogo wa La Harpe, Illinois, aliagiza 50 zenye ZL1, injini ya inchi 427 iliyomiminwa kwa alumini yote. Zikaundwa 69 kwa jumla. Bei ilipita dola 7,000 wakati ambapo Camaro ya kawaida ilikuwa chini ya nusu ya hapo, na gari lenyewe kwa nje lilifanana na la mwalimu wa shule. Nyingi zilikawia kununuliwa. Mimi huona hili ndilo jibu zuri kuliko yote kwa anayekagua gari kwa kutazama vibandiko.

Ford walikuwa wakarimu zaidi. Herufi ya tano kwenye namba ya chasisi ya Mustang inataja injini. K ni 289 yenye nguvu za farasi 271. S ni 390. R ya 1969 ni 428 Cobra Jet yenye mfumo wa kuvuta hewa kutoka juu ya boneti. G ni Boss 302, Z ni Boss 429. Kumbukumbu za Ford kuanzia mwaka wa modeli 1967 zipo mikononi mwa Kevin Marti, aliyepewa leseni na kampuni hiyo, na ripoti yake hutaja kila kitu gari lilichozaliwa nacho.

Ila Mustang GT ya 1965 na 1966 iko nje ya fadhila hizo; ni ya kabla ya kumbukumbu za Marti, na namba haitaji neno GT. Hapa ukaguzi unakuwa mtamu. Kwanza, GT ilipaswa kuwa na injini ya herufi A au K, kwa hiyo yenye herufi C na nembo ya GT ni ya kuigiza. Pili, kifurushi cha GT kiliingia sokoni majira ya kuchipua ya 1965, hivyo Mustang iliyounganishwa kiangazi cha 1964 haikuwa na mahali pa kukipata. Tatu, ingia uvunguni. GT ina mabomba mawili ya moshi, na kiwanda kilichomelea vipande vya kuimarisha ndani ya mihimili ya nyuma ili vibebe vishikizo vyake. Waigizaji hununua taa za ukungu, mistari ya ubavuni na ncha za mabomba. Vile vipande vya ndani ya mhimili ndivyo huwaumbua.

Je, wajua kusoma spea ya Ford? C maana yake miaka ya 1960, D miaka ya 1970, tarakimu inayofuata ni mwaka. C9 ni 1969. Tarehe za kumimina huenda mwaka, mwezi, siku: 8G17 ni tarehe 17 Julai 1968. Angalizo: herufi I iliachwa isichanganywe na moja, kwa hiyo Septemba ni J na Desemba ni M.

Boss 429 fungua buti. Injini ilikuwa pana kiasi kwamba betri haikupata nafasi mbele, ikahamishiwa nyuma. Magari hayo, chini ya 1,400 kwa miaka miwili, yalikamilishwa na Kar Kraft huko Brighton, Michigan, nayo yakabandikwa namba ya pekee inayoanza na KK kwenye mlango wa dereva.

Je, wajua kuwa Mustang iliyoendeshwa na Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya 1968 ina namba inayosomeka kama hadithi? 8R02S125559: mwaka 1968, kiwanda cha San Jose, bodi ya mgongo wa mteremko, injini ya 390, na gari la 25,559 kwa hesabu ya kiwanda hicho iliyoanzia 100001. Gari ndugu yake kwenye filamu, lililofanyishwa kazi ngumu ya kuruka vilima, lina namba inayoishia 558. Lilidhaniwa limekwisha hadi lilipoibuka Mexico mwaka 2017, likiwa katika hali ya kusikitisha na likiandaliwa kugeuzwa kuwa nakala ya gari la filamu nyingine kabisa. Marti ndiye aliyekwenda kulithibitisha. Lile la McQueen likauzwa mnadani Kissimmee, Florida, Januari 2020 kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada, likiwa na kutu yake, rangi yake iliyochakaa na rimu ambazo si za kiwandani. Waandaaji wa filamu walikuwa wameling'oa hata nembo. Hakuna aliyelipigia msasa, na hiyo ndiyo iliyookoa thamani yake.

Tuhamie Chrysler. Namba BS23R0B isome hivi: B ni Barracuda, S ni daraja la 'Cuda, 23 ni paa gumu, R ni injini ya 426 Hemi, 0 ni 1970, B ni kiwanda cha Hamtramck. Badilisha hiyo R iwe H, na gari ni la injini ya 340. Gari zuri, ila tofauti ya bei baina ya herufi hizo mbili inajenga nyumba. 'Cuda ya 1971 ya paa la kukunja, yenye Hemi na gia 4 za mkono, iliuzwa Seattle mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5.

Kwenye fenda ya ndani upande wa dereva, magari hayo yana kibati kilichojaa alama, nacho husomwa kutoka chini kwenda juu. E74 ni Hemi. D21 ni gia 4 za mkono. EV2 na FC7 ni rangi, moja ya chungwa kali na nyingine ya zambarau. Rangi ileile ya FC7 iliitwa Plum Crazy ukiinunua kwa Dodge na In-Violet ukiinunua kwa Plymouth. Kibati ni bati jembamba lililoshikwa kwa skrubu, kwa hiyo lenyewe pia huigizwa. Lilinganishe na karatasi ya oda na namba ya chasisi kabla hujaliamini. Kisha inama nyuma: Hemi ya gia 4 za mkono lazima iwe na difu nzito ya Dana 60.

Je, wajua kuwa Plymouth Superbird ya 1970, ile yenye pua ndefu na bawa refu la nyuma, zote zilivikwa paa la vinili? Halikuwa pambo. Kioo cha nyuma kilibadilishwa ili hewa ipite vizuri, na kiwanda hakikutaka kupoteza muda kulainisha mishono ya kuchomelea iliyokizunguka. Vinili ikaifunika. Superbird yenye paa la rangi tupu imepita mikononi mwa fundi fulani baadaye.

Pontiac Trans Am ya 1969? Zilikuwa 697, zote nyeupe zenye mistari ya buluu. Ya kijani ni ndoto ya mtu. Buick GSX ya 1970? Zilikuwa 678: 491 za manjano, 187 nyeupe, basi. Oldsmobile 442 ya W-30 ya 1970? Chungulia ndani ya boneti. Mabati ya ndani ya fenda si mabati, ni plastiki nyekundu.

Kibati chenye namba kwenye dashibodi ya AMC AMX hakilingani na namba ya chasisi, na hakikukusudiwa kulingana. Usimwite muuzaji mwongo kwa hilo.

Je, wajua kuwa Chevelle yenye injini ya 454 LS5 ilionekana kushuka kutoka nguvu za farasi 365 mwaka 1971 hadi 270 mwaka 1972, ilhali injini haikuwa imedhoofika kiasi hicho? Kilichobadilika ni upimaji. Zamani injini ilipimwa ikiwa peke yake mezani, bila mabomba kamili ya moshi wala mizigo mingine. Kuanzia 1972 ikapimwa ikiwa imevaa kila kitu. Muuzaji anayekutajia farasi 365 kwa gari la 1972 hajasoma, au anatumaini wewe hujasoma.

La mwisho linawaudhi wenye magari yanayong'aa. Magari haya yalitoka kiwandani yakiwa na rangi iliyochuruzika pembeni, ukungu wa rangi uvunguni, milango isiyokaa sawa, na alama za chaki na brashi zilizoachwa na wakaguzi kwenye difu na mihimili. Gari lenye uvungu mweusi unaong'aa na mianya iliyolingana kama ya Mjerumani limetengenezwa vizuri kuliko lilivyozaliwa. Wapo wanaolipia ung'aavu huo pesa nyingi. Mimi ningelipia zaidi chaki.

Kama una ndugu Texas au Ohio anayekushawishi mshirikiane kununua, mwambie akuletee kwanza picha nne: namba ya dashibodi na ribiti zake zenye umbo la ua, kijukwaa cha injini kikiwa kimefutwa grisi lakini hakijapigwa msasa, kibati cha bodi au cha fenda, na uvungu wa nyuma wote. Ribiti za kawaida za dukani mahali pa zile za ua ni sababu tosha ya kuondoka, kwani sheria ya Marekani inahesabu kubadilisha namba hiyo kuwa kosa la jinai. Muuzaji mwenye gari halisi hatakasirika kuombwa picha hizo. Huwa amezipiga zamani.